Nani Aliuanzisha Wimbo Darajani

Mchungaji Lucius Treadwell alilala mchana wa Jumapili akiwa amekunja ngumi, na mtu anayelala amekunja ngumi, jamani, usitegemee aote malaika. Ibada ya asubuhi ilikuwa imekwisha, waumini wametawanyika kwenda kula, na mkutano mkubwa wa kampeni ulikuwa uanze saa tisa alasiri katika kanisa hilohilo la Kibaptisti alilokuwa akilichunga, kwenye mji mdogo wa Pinder, kusini mwa Marekani. Alijifungia ofisini mwake nyuma ya mimbari, akajitupa kwenye kochi bila kuvua koti. Mgeni rasmi wa mkutano huo alikuwa Mchungaji Ezra Pickens, rafiki yake wa tangu utotoni, na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Wote wawili walizaliwa kwenye mashamba ya pamba ya watu wengine, wote walianza kuhubiri kabla hawajaota ndevu, wakalala kwenye sakafu ya jela moja wakila mkate mmoja, enzi zile mtu mweusi wa Pinder akiomba kujiandikisha kupiga kura alikuwa anaomba kipigo. Kisha dunia ikageuka. Ezra akawa diwani, akatoka hapo akawa mbunge wa jimbo, na sasa anataka kiti katika Bunge la taifa kule Washington, kiti ambacho wazee wa Pinder walikuwa hawajawahi hata kuota kwamba kingekaliwa na mtoto wao. Lucius akabaki kubatiza, kuzika na kuziba paa la kanisa linapovuja.

Lakini cheo sicho kilichokuwa kinamla. Kilichokuwa kinamla ni wimbo. Miaka kumi na minane iliyopita, watu mia tatu wa Pinder waliandamana kwenda kujiandikisha, wakakutana na askari na mbwa katikati ya daraja la mtoni. Msafara ukayumba, waliokuwa nyuma wakaanza kugeuka, na mambo yangekuwa yamekwisha pale pale kama si sauti moja iliyopaa ikaanzisha wimbo. Watu waliposikia wimbo wakageuka tena, wakashikana mikono, wakasimama, wakapigwa, wakazidi kusimama, na picha zao zikazunguka nchi nzima mpaka serikali ikaona haya. Basi katika kila hotuba Ezra akifika hapo hupumua, hufuta jasho, halafu husema, "Ndipo nikafumbua kinywa changu, nikauanzisha wimbo!" Lo! Ezra huyu ambaye akiimba hata mbwa wa jirani huhama? Sauti iliyopaa siku ile ilikuwa ya Lucius, na Lucius aliijua sauti yake kama anavyoijua njaa yake. Miaka yote hiyo alikuwa amemeza. Asubuhi ile kamati ilimpa dakika tatu za kumtambulisha mgeni, naye akakubali shingo upande. Ezra mwenyewe akaja kumkumbatia mlangoni, akamnong'oneza kwa furaha, "Ndugu yangu Lucius, usisahau kuwaambia habari ya ule wimbo."

Ndipo Lucius akaandika kwenye karatasi maneno machache, akaikunja na kuitia mfukoni: Mtu huyu ni mwongo, wimbo niliuanzisha mimi. Alijua uzito wake. Mpinzani wa Ezra alikuwa amepitisha mwezi mzima akimwita mwongo, watu wa magazeti wangekaa mstari wa mbele, na kura zilikuwa zinakaribiana kiasi kwamba sentensi moja kutoka kwa rafiki wa jela ingetosha kumzika Ezra na kiti kile pamoja naye. Mkewe, Verlene, alimtazama usoni akanusa moshi. "Unataka kufanya nini, Mchungaji Treadwell?" akamuuliza, na Verlene akikuita kwa jina la mimbarini ujue umekwisha. "Nataka kusema kweli," akajibu Lucius. "Kweli ya nani?" Lucius alibamiza mlango wa ofisi, akalala, na usingizi ukamchukua hana habari.

Akajikuta amesimama kwenye njia ya udongo mwekundu, huku na huku mashamba ya pamba yasiyo na mwisho, jua limesimama lakini hakuna kivuli hata cha mtu. Pamba ilikuwa imeiva na hakuna aliyeivuna. Alipoinama kuangalia, akaona kila tumba lililopasuka lina kipande cha gazeti mahali pa pamba, na kila kipande kimeandikwa jina la Ezra Pickens. Akachuma kimoja akakitupa. Akachuma cha pili, cha tatu, akaanza kuchuma kwa mikono miwili kama alivyofundishwa utotoni, maganda yanamkata vidole, damu inamtoka, na kila anachokichuma kinaota kingine. Hakuweza kuacha. Kulikuwa na utamu fulani ndani ya maumivu yale, na mwenye kuujua utamu huo hahitaji kuelezwa.

"Pole pole, Mchungaji, shamba ni lako, hakuna atakayekunyang'anya," ikasema sauti nyuma yake. Akageuka, akamwona mwanamke mzuri wa makamo aliyevaa sare nyeupe ya wakaribishaji wa kanisani, wale wanaowapokea watu mlangoni na kuwaonyesha pa kukaa. Glavu nyeupe mikononi, beji kifuani, upepeo wa karatasi mkononi. "Karibu. Kiti chako nimekitunza." Lucius akamuuliza yeye ni nani. Mwanamke akacheka mpaka akajishika kiuno. "Aa! Miaka kumi na minane nakula kwako, nalala kwako, leo unaniuliza jina? Mimi ni Wivu. Wala usishtuke. Watu wananitukana, wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda; mbona wewe hujakonda? Nikuulize, ni nani mwingine anayekuamsha kila asubuhi kukukumbusha thamani yako? Mkeo? Waumini wako?" Akampepea usoni kidogo. Lucius aliona aibu, lakini pia aliona faraja, kwa sababu tangu siku nyingi hakuna mtu aliyekuwa amesimama upande wake waziwazi hivyo. Akamfuata.

Wakafika kwenye kibanda cha dobi kando ya njia, kimejaa mvuke, na ndani yake mzee mkavu, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga pasi koti moja. Lucius akalitambua. Lilikuwa koti lake la siku ile ya darajani, doa la damu bado lipo kwenye kola. "Huyu ni ndugu yangu Kinyongo," Wivu akasema, "hakuna fundi kama yeye." Lucius akamwuliza mzee kwa nini doa lile halitoki. Kinyongo akaudhika. "Litatokaje, na mimi ndiye ninayelitunza? Napiga pasi pembeni mwake, sigusi. Nikiona linafifia nalilowesha. Mtu mwingine angelifua mara moja akalisahau, lakini mimi kazi naijua." Akalinyanyua koti akamvika Lucius kwa heshima zote. Lilimbana kifua hata akawa anapumua nusu nusu, na Wivu akazunguka kumtazama nyuma na mbele. "Umependeza," akasema. Naye Lucius akaamini, maana kumbe mtu akisifiwa na Wivu hata kubanwa pumzi huona kuwa ni kuvaa vizuri.

Mbele kidogo wakaingia mjini, na mji wote ulikuwa nyumba moja tu, ya kinyozi. Foleni ya wateja iliizunguka nyumba ikapotelea mashambani, lakini ndani kulikuwa na kiti kimoja. Kinyozi alikuwa bwana mnene mchangamfu aliyeitwa Sifa, anacheka na kila mtu na hamkumbuki hata mmoja. Kwenye kiti, chini ya shuka jeupe, alikaa Ezra. Ukutani kulikuwa na picha za maisha yake: Ezra mtoto na gunia la pamba linaloburuzika, Ezra akihubiri juu ya kreti la soda, Ezra nyuma ya nondo za jela, Ezra darajani, Ezra ameweka mkono juu ya Biblia akiapishwa udiwani. Lucius akapita picha moja baada ya nyingine akijitafuta. Katika ile ya darajani akaona kitu pembeni. "Kiwiko kile ni changu!" akapiga kelele. Sifa akasogea akakikagua. "Kiwiko kizuri," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

"Bwana Sifa, hiki kiti ni changu," akasema Lucius. Sifa hakukasirika. Alifuta wembe kwenye aproni, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi sichagui mtu. Namnyoa aliyekaa. Wako wanaofikiri nawapenda, na wako wanaofikiri nawachukia, na wote wanapoteza usingizi wao bure, kwa kuwa mimi nikifunga duka siwakumbuki. Aliyekaa leo alikuwa ametanguliwa na mwingine. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ukitaka kukaa, kaa, lakini mtazame kwanza aliyekaa." Basi Lucius akamtazama Ezra. Kwenye kioo alionekana mkubwa, mabega mapana, anang'aa. Lakini kwenye kiti chenyewe alikuwa amenyolewa mpaka hakuna kilichobaki cha kunyoa, shingo nyembamba kama ya kifaranga, mikono imeng'ang'ania kiti. "Lucius," akanong'ona, "wasije wakaniinua. Nikiinuka hapa sitaonekana tena." Huruma ikataka kumwingia Lucius. Ilikuwa imeshatia mguu mlangoni, na Wivu akaiona, akasimama kati yao upesi.

"Usimsikilize, anakulaza usingizi huyo. Hivi ndivyo alivyokufanya maisha yote, analia wewe unanyamaza," Wivu akasema, akamtilia kitu mkononi. "Aliye juu mngoje chini, wewe umengoja miaka kumi na minane hajashuka. Sasa mshushe." Lucius akafumbua kiganja, akaona karatasi yake ile ile, imekunjwa mara nyingi hata ikawa na makali ya wembe, na shingo ya Ezra ilikuwa hapo mbele yake, imekaa tayari. Mkono wake ulipanda. Sitawaficha, alitaka. Alitaka kwa moyo wote. Kilichomzuia si wema, ni ile tabia ya wahubiri ya kutaka kila jambo liwe na mashahidi wawili. "Sitaki watu waje kusema nimemwonea," akasema. "Nipelekeni kwanza kwa Ukweli anipe hukumu, halafu nitarudi nimmalize nikiwa na haki yangu mkononi." Wivu akakunja uso. "Hukumu ya nini? Si ulikuwepo?" Lakini Lucius alikuwa ameshatoka nje, na Wivu hana ubavu wa kumwacha mtu wake aende peke yake, akamfuata akinung'unika.

Alitegemea kumkuta Ukweli amekaa kwenye baraza refu, joho jeusi, nyundo ya jaji mezani. Akamkuta mtu mfupi ndani ya ovaroli iliyochakaa, anafagia daraja. Lilikuwa daraja lenyewe la Pinder, limefunikwa na mchanga na takataka mpaka kwenye kingo. "Nimekuja unihukumie," akasema Lucius. "Umekosea mlango," akajibu yule mtu bila kuacha kufagia. "Watu hudhani mimi ni jaji. Mimi mfagiaji tu. Jambo likitokea, kila mtu anayepita humwaga juu yake kidogo, huyu hofu yake, huyu majivuno yake, huyu machozi. Mimi naondoa kilichorundikwa. Kinachobaki chini ndicho hicho, kikupendeze kisikupendeze." Akafagia mara mbili tatu, na pale ufagio ulipopita mbao za daraja zikaonekana mbichi kama za siku ile. "Simama pale pale uliposimama. Lakini leo sikupi kinywa. Siku ile kinywa ulikuwa nacho, na ndicho kilichokuziba masikio." Lucius akajigusa usoni, akakuta hana kinywa, ngozi tupu. Na mbele yake askari wakajipanga, mbwa wakabweka.

Alijiona mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na minne, mrefu, amevaa lile koti likiwa bado jipya. Akamwona Ezra kulia kwake. Akasikia, wazi kabisa, sauti yake ya ujana ikisema, "Ezra, turudi nyuma. Turudi, watatuua." Akasikia Ezra akijibu kwa midomo iliyokauka, "Siwezi kurudi. Siwezi kwenda mbele wala nyuma. Miguu imekataa." Mungu wangu! Huyo ndiye shujaa wa daraja, na huyo ndiye mwenziwe. Nyuma yao viatu vya watu vilikuwa vinaburuzika, vinageuka. Ndipo akasikia kitu cha tatu, sauti ndogo, kavu, kwenye kiwiko chake cha kushoto, ikiyataja maneno haraka haraka bila tuni: "Njia nimeianza, Bwana, usinigeuze."

Alikuwa Mama Idella Mott, mpishi wa nyumba za watu, mwanamke mfupi asiyejua kusoma ambaye nyimbo zote za kanisa alikuwa nazo kichwani. Hapa ni lazima niwaeleze desturi ya kanisa lao. Zamani vitabu vilikuwa haba na wajuao kusoma ni wawili watatu, kwa hiyo mtu mmoja hutaja mstari kwa kusema tu, na kanisa zima huupokea na kuuvuta kwa kuuimba. Mama Idella ndiye aliyekuwa mtajaji, lakini kifua chake kilikuwa kibovu, sauti haifiki safu ya tatu. Basi husimamishwa pembeni yake kijana mwenye koo, mama anataja chini chini, kijana anaurusha mstari kwa watu. Tangu ana miaka kumi na sita kijana huyo alikuwa Lucius. Walioketi nyuma waliisikia sauti moja tu, wakadhani mwenye wimbo ni yeye, na kwa miaka alivyosifiwa, yeye mwenyewe akaja kudhani hivyo hivyo. Sasa, akiwa na masikio matupu, alimwona kijana yule amesimama darajani, macho yanatafuta pa kukimbilia, na kinywa chake kikafunguka kwa mazoea tu, kama kinavyofunguka kinywa cha mtoto akionyeshwa kijiko. Ushujaa haukuwemo. Mama Idella akataja, yeye akarusha. Akataja wa pili, akarusha. Kufika mstari wa tatu, na watu mia tatu wameupokea, ndipo kijana akaacha kutetemeka.

Lucius alitaka kusema kwamba kukumbushwa maneno si kitu, lakini hakuwa na kinywa. Ukweli akaegemea ufagio wake. "Umekuja hapa ukimwita mwenzako mwizi. Nyani haoni kundule," akasema, bila ukali. "Ezra amechukua cha kwako, kweli. Na wewe ulikuwa umekitoa wapi?" Hapo Wivu akajitosa, glavu zimemchafuka, akamshika Lucius bega. "Umeona? Hata huyo bibi ni adui yako! Amekaa kimya miaka yote hiyo ili siku moja akuumbue. Kwanza sauti gani ile, ya kunong'ona, bila wewe nani angemsikia?" Na ngoja niwaambie jambo la aibu. Lucius alimwonea wivu. Alimwonea wivu mwanamke mzee mwenye kifua kibovu, kwa pumzi kama mbili hivi, kwamba ule ushujaa ulikuwa wa mama yule na si wake. Kisha akajiona anavyofanya, na haya ikamshika mpaka masikio yakamwaka moto. Akaanza kuhangaika kulivua lile koti la Kinyongo, vifungo havikubali. "Mfukuze huyu mwanamke," alitaka kumwambia Ukweli, na Ukweli akamwelewa hata bila maneno. "Huyu hafukuzwi akaenda. Atakufuata mpaka mlangoni kwako, na kesho atapiga hodi. Lakini si lazima umpe kiti cha mbele." Akarudi kufagia.

"Lucius! Lucius, amka, saa nane na nusu!" Verlene alikuwa amesimama juu yake, kofia kichwani, amemshika bega lile lile. Lucius akakaa kitako akihema. Jambo la kwanza alilolifanya ni kujishika kinywa, akakikuta kipo, na jambo la pili ni kuuliza. "Verlene, siku ile darajani, wimbo aliuanzisha nani?"

Verlene akavua kofia, akaketi kwenye ukingo wa kochi. "Leo ndiyo unauliza? Mama Idella. Mimi nilikuwa safu ya nne, nilimwona midomo ikicheza. Wanawake wote wa kanisa hili wanajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliwahi kuniuliza? Wewe ulikuwa unanihadithia. Na yeye alitukataza. Alisema waacheni." Akanyoosha mkono, kiganja wazi. "Nipe hiyo karatasi, niliiona ulivyokuwa unaiandika." Lucius akaitoa mfukoni akampa. Verlene hakuisoma, aliichana vipande vinne akavitia kwenye mkoba. Lucius akamuuliza kama Mama Idella atahudhuria mkutano. "Atahudhuria wapi? Yuko jikoni tangu asubuhi, anawakaangia kuku nyinyi waheshimiwa."

Jiko la kanisa lilikuwa nyuma ya ukuta wa mimbari, na kweli alikuwepo, miaka themanini na sita, amesimama mbele ya kikaango kikubwa, uma mrefu mkononi. Huko ukumbini watu walikuwa wanaingia, viti vinagonga. "Umeamka?" akasema bila kugeuka. "Nilidhani utakoroma mpaka uchaguzi upite."

"Mama Idella, wimbo wa darajani ulikuwa wako."

Uma ukasimama. "Nani kakwambia?"

"Nimeota."

"Ameota!" Mama Idella akaviambia vile vipande vya kuku. "Miaka kumi na minane macho wazi hakukumbuka, amekumbuka anakoroma."

"Kwa nini ulinyamaza, Mama? Tumekaribia kuuana."

Akageuza paja moja, la pili, mafuta yakachachatika. "Mlikuwa vijana. Kijana akijikuta ana ushujaa humwambii si wake, utamnyang'anya na hana mwingine. Mkawa watu wazima, nikasema watakumbuka wenyewe. Halafu nikaona mmeanza kutazamana kwa kijicho, huyu ananuna huyu anajitapa, nikasema Idella, wewe pika."

Dakika tatu zile za kumtambulisha mgeni zilikuwa za Lucius, zimeandikwa kwenye ratiba kwa jina lake, na watu wa magazeti walikuwa wameshakaa. Hata sasa sehemu fulani yake ilikuwa inazitaka. "Nakuomba upande mimbarini umtambulishe Ezra wewe," akasema, haraka, kabla hajajizuia.

"Mimi? Na kuku huyu atageuzwa na nani?"

"Na mimi."

Mama Idella akamkagua kutoka viatu mpaka tai. Akavua aproni, akamfunga nayo yeye, akakaza mpaka akaguna. "Ukiniunguzia, Mchungaji, nitakutangaza huko huko," akasema, akaondoka taratibu akishika ukuta.

Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Lucius alisikia makofi, akasikia minong'ono watu walipomwona nani amepanda, akasikia kiti cha Ezra kikisogezwa. Halafu ikaja sauti ndogo kavu ndani ya kipaza sauti. "Mimi si msemaji. Nimeambiwa nimtambulishe huyu. Mnamjua. Amefungwa jela kwa ajili yenu kabla baadhi yenu hamjazaliwa, na barabara ya kwetu ina lami kwa sababu yake. Sasa Ezra, mwanangu, nakuambia mbele za watu kwa kuwa ndipo unaposemea. Siku ile hukuimba. Ulisimama. Miguu yako ilikataa kurudi, na ingawa ilikataa kwa woga, ilitosha, kwa sababu waliokuwa nyuma yako waliona mtu amesimama. Lucius naye hakuanzisha, alipaza. Nilitaja mimi, na mimi nilifundishwa na mama yangu, na yeye sijui alifundishwa na nani. Kwa hiyo keti utulie, acha kutuhadithia wimbo. Tutakupigia kura hivyo hivyo."

Lucius aligandamiza sikio ukutani, akiwaza kwamba Ezra amekwisha na yeye ndiye aliyempandisha yule aliyemmaliza. Kisha mtu mmoja akacheka kwa nyuma, kicheko cha mama mtu mzima, na kanisa zima likapasuka, vicheko na amina na miguu inayogonga sakafu, na katikati yake akamsikia Ezra, sauti yake ikikatika, "Ndiyo, Mama. Ndiyo, Mama Idella. Ahsante." Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuwa amebeba gunia kwa miaka akaambiwa alitue.

"Njia nimeianza, Bwana, usinigeuze," Mama Idella akataja, chini chini.

Wakasubiri. Walikuwa wanaisubiri sauti kubwa ya kuurusha mstari, ile iliyourusha daima, na Lucius alijua wanaisubiri. Mlango wa ukumbini ulikuwa hatua kumi tu. Mwanamke wa glavu nyeupe hakuwa amekawia. Alimsikia kabisa akimwambia, nenda, wanakuhitaji, bila wewe watafanya nini? Mguu wake mmoja ukasogea. Na hapo ikapaa sauti nyingine, ya Ezra, mbovu, imepinda, imetoka nje ya tuni kabisa, ikaurusha mstari kwa nguvu zake zote, na watu wakaupokea pale pale ulipoangukia wakaunyoosha wao. Wivu ulimchoma Lucius kifuani, uchungu halisi, nisiwadanganye. Akabaki pale pale alipo. Akageuza kuku, na mstari wa pili ulipokuja akauitikia pamoja na wengine, kutoka jikoni, ambako hakuna aliyemsikia.